Watu Kumi na Bombomu Moja

Mvua za Juba huanza kunyesha mwezi wa Aprili, na hazikomi sawasawa mpaka Oktoba. Katika miezi hiyo vichochoro vya soko la Konyo Konyo hujaa tope, na watoto wa wafanyabiashara, ambao wakati wa kiangazi hucheza nje mpaka jua lichwe, hulazimika kukaa ndani. Ndipo mzazi agunduapo kwamba nyumba yake haina mchezo. Karata huchosha upesi. Ubao wa bao haupatikani kila nyumba. Simu hula umeme, na umeme ni fedha. Mchezo unaobaki ni ule ambao watoto huutunga wenyewe bila kufundishwa na mtu: kushika fimbo kama bunduki na kupigana risasi za mdomo baina ya vibanda.

Wazazi wengi wa mji huo huukataza mchezo huo, na sababu zao zaeleweka. Juba iliona mapigano mwezi wa Desemba 2013, na tena Julai 2016. Mtoto aliyejibanza pembeni mwa kibanda, fimbo begani na jicho moja limefumbwa, hamchekeshi mtu mzima aliyewahi kukimbia usiku akiwa na godoro kichwani. Lakini katazo peke yake halijapata kuumaliza mchezo wa vita mahali popote. Huutoa uani na kuupeleka uchochoroni, mbali na macho ya wazazi. Liko jambo jingine liwezalo kufanywa. Mchezo huo na uletwe mezani, upewe hesabu, kisha upelekwe mbali na mambo ya nchi: mwaka 2200, juu ya sayari nyingine, ambako hapana kabila wala chama kinachojulikana barazani. Makala ya leo yaeleza namna kikosi kidogo cha askari wa miguu kinavyopangwa katika mchezo wa aina hiyo, na silaha zake, na namna ya kukitengeneza kwa vitu vipatikanavyo Konyo Konyo kwa bei nafuu.

Mchezo wa vita wa mezani si jambo geni. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa ramani na vipande vya rangi, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake, na jeshi la nchi hiyo likautumia kuwafundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu, Little Wars, chenye kanuni za kucheza kwa askari wa bati sakafuni. Huyu Wells ndiye aliyekwisha kuandika, mwaka 1898, hadithi ya The War of the Worlds, juu ya viumbe wa Mars waliokuja kuipiga dunia. Lakini haikumpitia kuichanganya michezo yake na hadithi zake. Waliochanganya walikuja baadaye. Mwaka 1959 Mmarekani Robert Heinlein aliandika Starship Troopers, hadithi ya askari wa miguu waliovaa mavazi ya chuma yenye nguvu za mashine, na mwaka 1976 kampuni ya Avalon Hill ikaigeuza kuwa mchezo wa mezani. Mwaka 1987 Waingereza wa Games Workshop walitoa Warhammer 40,000, ambao umeenea kuliko yote. Wengi wanaoucheza huvutiwa na rangi na sanamu zake. Mchezo uliogusa kiini cha jambo, walau kwa upande wa vikosi vidogo, ni Stargrunt II wa mwaka 1996. Kwa maana katika huo askari hawafi ovyo kama nzi, bali hulala chini, huogopa, hubeba wenzao, na mara nyingine hukataa kuinuka.

Mtu aliyezoea bao huanza na faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba amekwisha jifunza kuhesabu kabla ya kuugusa ubao. Hasara ni kwamba kete zake 64 zote zafanana, na kete ya shimo hili yaweza kufanya kazi ya kete ya shimo lile. Katika kikosi sivyo. Ndani ya kikosi kila kete ina kazi yake na mzigo wake, na ikiondoka moja, nyingine mbili huenda zikawa hazina kazi.

Kikosi kidogo kabisa cha askari wa miguu, ambacho majeshi ya Afrika Mashariki hukiita seksheni, huwa na watu wapatao kumi. Idadi hiyo si uganga. Ni watu ambao koplo mmoja aweza kuwaona, kuwaita kwa majina na kusikika nao katikati ya kelele. Seksheni ya Kiingereza ya Vita Kuu ya Pili, ambayo ndiyo waliyofundishwa askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa na watu kumi: koplo na wenye bunduki sita upande mmoja, na upande wa pili koplo-usu, mpigaji wa Bren na msaidizi wake. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani walipata kuwa na seksheni ya watu 13, wenye makundi matatu ya watu wanne-wanne na kiongozi wao juu. Na kila kundi la wanne lilikuwa na bunduki nzito moja ya kulizunguka. Hata wale askari wakubwa wa Warhammer, ambao kwa kimo na nguvu wamezidi binadamu, hupangwa kumi-kumi, na kumi wao hugawanyika kuwa watano na watano.

Anayetazama mipango hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba watu kumi wamepewa bombomu moja iwasaidie. Ukweli ni kinyume chake. Hao kumi wako hapo kwa ajili ya bombomu. Bren ilikuwa na uzito wa kilo 10 hivi, na kasha lake la risasi lilichukua 30, ingawa askari wenye busara walitia 28 ili lisikwame. Kasha la namna hiyo humalizika kwa pumzi chache. Kwa hiyo makasha hayakubebwa na mpigaji peke yake. Kila mwenye bunduki katika seksheni alibeba makasha ya Bren juu ya risasi zake mwenyewe. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, huko Burma, katikati ya masika ya huko, na yeyote aliyewahi kuvuka Konyo Konyo mwezi wa Agosti na gunia begani aweza kukisia makasha hayo yalikuwa na uzito gani ndani ya tope. Silaha za Kirusi zilizokuja kuenea baadaye hazikuibadili kanuni. Mtungi wa RPG-7 una uzito wa kilo 7 hivi, na kila kombora lake lapita kilo 2. Mwenye mtungi hana budi kuwa na mwenzake wa kubeba makombora.

Mchezo mbaya hulisahau jambo hili. Humpa kila askari silaha kubwa, kisha huwaacha watembee kama watu waendao harusini. Mchezo mzuri huanza na mzigo.

Basi kila askari wa mezani apewe nguvu ya kubeba mizigo 4. Bunduki ya kawaida na risasi zake ni mizigo 2. Bombomu ni 3, na kila kasha lake ni 1. Mtungi wa makombora ni 2, na kila kombora ni 1. Mkoba wa tabibu ni 1. Asiyezidisha mizigo 3 huenda mbele kijiti kizima kila zamu yake. Mwenye mizigo 4 huenda nusu ya kijiti. (Kijiti hicho kiwe kimoja kwa wachezaji wote, cha sentimita 20, maana shubiri ya baba si shubiri ya mtoto, na ugomvi wa vipimo umevunja michezo mingi kuliko hila.)

Kikosi chenyewe hupangwa hivi. Koplo ana bunduki yake tu, kwa kuwa kazi yake ni kutazama. Koplo-usu ana bunduki na kasha moja. Mpigaji wa bombomu ana bombomu na kasha moja, na hapo amekwisha fika 4. Msaidizi wake ana bunduki na makasha mawili, naye amefika 4. Mwenye mtungi ana kombora moja, na mwenzake ana bunduki na makombora mawili. Tabibu ana bunduki na mkoba. Waliobaki ni watatu wenye bunduki, kila mmoja na kasha moja la bombomu. Jumla ni watu kumi, makasha saba, makombora matatu.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Bombomu hula kasha moja kila ipigwapo. Ikiwa watu wote wako pamoja, yaweza kupiga zamu saba. Lakini kikosi kisichogawanyika hakiendi popote: lazima wengine wapige ili wengine wasogee. Koplo akiwachukua wale watatu kwenda kuzunguka, amechukua pia makasha matatu, na bombomu imebaki na manne. Akiwaambia wayaache makasha nyuma, nani atayabeba? Mpigaji amejaa, msaidizi amejaa. Koplo-usu ana nafasi ya moja tu, na akiichukua atakwenda nusu mwendo kama wao. Mtoto wa miaka kumi na miwili huweza kukaa juu ya swali hili dakika tano nzima, kidole mdomoni, na mzazi asimharakishe.

Upigaji wenyewe hufanywa kwa dadu za kawaida. Bunduki hurusha dadu moja, na ikitokea 6 adui mmoja amejeruhiwa. Bombomu hurusha dadu tatu. Kila 6 ni majeruhi mmoja; na hata kama hapana 6, ikionekana 4 au 5 kundi lililopigiwa hulala chini na haliendi popote katika zamu ifuatayo. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja kitu ambacho askari hukijua kwa mwili wake. Katika mara 8 za kurusha dadu tatu, mara 7 huonekana 4 au zaidi walau katika dadu moja. Lakini 6 huonekana mara 91 tu katika mara 216, yaani pungufu ya nusu. Bombomu basi ni chombo cha kuinamisha vichwa kabla ya kuwa chombo cha kujeruhi, na mchezaji aingojeaye imalize vita peke yake atangoja mpaka makasha yaishe.

Mahali pa kuchezea ni jambo la pili kwa ukubwa baada ya mzigo. Meza itandikwe kitambaa cha rangi ya udongo, na juu yake pawekwe masanduku ya viberiti yawe nyumba. Upande mmoja pawe na uwanja mtupu mfano wa ukingo wa Bahr el Jebel, upande mwingine pawe na kilima cha vitabu mfano wa Jebel Kujur, na katikati lijengwe soko. Soko hilo la sayari nyingine halina haja ya kubuniwa. Konyo Konyo lenyewe latosha kuwa kielelezo: safu za vibanda vya mabati na maturubai, njia nyembamba kiasi kwamba mwenye mkokoteni na mwenye bodaboda hawapishani bila maneno, na kona kila hatua chache. Uwanjani bombomu huona vijiti vitano. Sokoni haioni hata kimoja. Silaha iliyotawala ukingo wa mto, ikifika vichochoroni hugeuka mzigo wa mizigo mitatu tu, na wale watatu wenye bunduki, ambao mtoto aliwadharau, ndio wanaotakiwa mbele.

Sokoni, tena, pana watu. Hii ndiyo kanuni ambayo michezo mingi ya dukani haina, na ambayo katika mji wa Juba haifai kuachwa. Kila kichochoro cha soko kiwekwe maharage matano au sita, nayo ndiyo raia: muuza nyanya, mama lishe, mtoto aliyetumwa chumvi. Kikosi kikipiga kupitia kichochoro chenye maharage, kila dadu inayoonyesha 1 hupiga raia mmoja. Na hesabu ya 1 ni ileile ya 6. Mchezaji arushapo dadu tatu za bombomu ndani ya soko, nafasi ya kumpata adui ni 91 katika 216, na nafasi ya kumpata muuza nyanya ni 91 katika 216. Zimelingana sawasawa. Watoto wakionyeshwa hesabu hii kwa kalamu na karatasi huiangalia kwanza kwa mashaka, kisha hurusha dadu mara hamsini ili kuhakikisha. Waachwe warushe.

Kazi ya mchezo isiwe kuua watu wote wa upande wa pili. Mchezo wa namna hiyo huisha kwa kuchoshana, na kwa vyovyote vile si kazi ambayo seksheni hupewa. Upande mmoja uwe na kasha la dawa la kuvusha soko mpaka ng'ambo. Upande wa pili uwe wa kuzuia. Kasha likifika ni pointi 10, likizuiwa pointi hizo ni za mzuiaji. Kila askari arudiye kwa miguu yake ni pointi 1 kwa mwenye kikosi, na majeruhi aliyebebwa ni 1 vilevile. Majeruhi aliyeachwa huondoa 3. Raia aliyepigwa huondoa 5.

Juu ya majeruhi yafaa kusema zaidi, kwa sababu hapo ndipo mchezo unapowatenganisha wenye kufikiri na wenye kelele. Majeruhi mmoja hubebwa na watu wawili, na wanaobeba hawapigi. Kwa hiyo askari mmoja akianguka, kikosi kimepungukiwa watatu. Wakianguka wawili, wamepungua sita. Wanaobaki ni wanne, na ikiwa mpigaji na msaidizi wake wamo katika hao wanne, basi koplo ana mtu mmoja tu wa kumtuma. Kikosi cha kumi kimekwisha kwa vidonda viwili. Tabibu aweza kupunguza hasara: akikaa zamu moja kando ya majeruhi hurusha dadu, na ikitoka 5 au 6 majeruhi huinuka na kutembea mwenyewe. Wavulana wengi katika mchezo wao wa kwanza humwacha tabibu nyuma ili mahali pake achukuliwe mtu wa nne wa bunduki. Katika mchezo wa pili tabibu huwa mtu wa kwanza kupangwa.

Mpaka hapa hapajasemwa lolote juu ya mwaka 2200, na msomaji aweza kuuliza sayari hiyo nyingine yatoka wapi. Yaingia kupitia mizigo. Vazi la chuma la hadithi za Heinlein, likiletwa mezani, humwongezea askari nguvu ya kubeba kutoka 4 mpaka 8. Kamera irukayo huona nyuma ya kona, lakini humtaka mtu mmoja wa kuiongoza, na anayeiongoza hashiki bunduki. Mashine yenye miguu minne hubeba makasha sita na haiogopi. Bunduki za mwanga hazihitaji risasi. Mtoto akisikia hivyo hutaka kumvika kila mtu kila kitu, naye aruhusiwe mara moja ili aone. Kwa maana vyote hivyo hula betri. Vazi hula betri moja kila zamu mbili, kamera moja kila zamu, mashine moja kila zamu tatu, na bombomu ya mwanga hula moja kila ipigwapo, kama ilivyokula kasha. Na betri ni mzigo 1. Kikosi chenye mavazi kumi huondoka mezani kwa fahari kubwa, na katikati ya soko husimama kama sanamu, kimeishiwa.

Jambo hilo halihitaji kuelezwa sana kwa watu wa Konyo Konyo. Ni soko ambalo mtu huacha simu yake kibandani kwa mwenye jenereta au mabamba ya jua, akalipa, akarudi baadaye kuichukua. Mtoto wa mwenye kibanda hicho huelewa upesi kuliko wenzake kwamba askari wa nyota za mbali naye lazima apate mahali pa kuchajia. Mchezaji mmoja aweza kukiweka kibanda cha namna hiyo katikati ya soko la mezani, na mara vikosi vyote viwili vitasahau adui na kukikimbilia.

Kadiri mwaka wa mchezo unavyokwenda mbele, ndivyo kikosi kinavyozidi kufanana na kile cha bonde la Kabaw. Aliyebeba makasha ya Bren sasa abeba betri. Koplo bado anatazama, na bado hawezi kuwaita zaidi ya kumi.

Sasa vifaa. Askari wenyewe husimamishwa juu ya vizibo vya soda, ambavyo penye vibanda vya vinywaji havikosekani. Mwili ni waya mwembamba uliokunjwa, au udongo wa mfinyanzi uliokaushwa kivulini usije ukapasuka. Vikosi vitofautishwe kwa rangi ya kucha, tone moja juu ya kila kizibo; na zichaguliwe rangi zisizo za kofia wala beji ya jeshi lolote linalojulikana mjini. Betri na makasha ni choroko, kwa kuwa ni ndogo na hupangika juu ya kizibo. Makombora ni vijiti vya kiberiti vilivyokatwa vichwa. Raia, kama ilivyosemwa, ni maharage, na ni vizuri yawe ya aina mchanganyiko, kwani soko halina watu wa namna moja.

Kitu kimoja kisitumike kabisa, nacho ndicho ambacho mtoto atakifikiria kwanza. Ganda la risasi lililokwisha pigwa lafaa sana, kwa sura yake, kuwa mtutu wa mzinga au pipa la mafuta la mezani. Lang'aa, halina gharama, na liko ardhini. Lakini mkono uendao kuokota ganda tupu hauwezi kutofautisha sikuzote baina ya risasi iliyopigwa na ambayo haijapigwa, wala baina ya kipande cha chuma na fyuzi ya guruneti iliyolala chini ya udongo tangu vita vilivyopita. Idara ya Umoja wa Mataifa ya kushughulikia mabomu ya ardhini, UNMAS, imekuwa ikifanya kazi Sudan Kusini tangu mwaka 2004, na kazi haijesha. Mvua nazo hufukua. Kitu kilichozikwa kiangazi hujitokeza juu Agosti, kimesafishwa na maji, chang'aa kuliko mchezo wowote wa dukani.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza askari wa kwanza, mzazi amweleze mtoto taratibu, bila kumtisha. Chuma chochote kisichojulikana hakiguswi, hakipigwi mawe, hakichomwi moto. Aliyekiona husimama, hurudi kwa nyayo zake zilezile alizojia, huwazuia wenzake, na humwambia mtu mzima, ambaye atapeleka habari polisi au kwa watu wa mabomu. Chuma chakavu kiletwacho nyumbani na mtoto kwa nia ya kukiuza kwa kilo kifuatwe na swali la kilikotoka. Na kama ganda limekwisha kuingia ndani ya sanduku la michezo, mtoto asiamriwe kwenda kulitupa. Watu wote waondoke chumbani, na aitwe anayejua.

Wako watoto ambao mchezo huu hauwafai. Sheria ya Mtoto ya Sudan Kusini, ya mwaka 2008, yakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuingizwa jeshini au katika kundi lolote la silaha. Hata hivyo mwaka 2015, katika eneo la Pibor, watoto zaidi ya 1,700 waliachiliwa kutoka kundi moja la wapiganaji. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wazima, na wengine ni wazazi. Kijana aliyewahi kubeba kasha la kweli huenda asipende kuona choroko juu ya kizibo. Akiinuka mezani, aachwe ainuke, wala asiulizwe mbele ya wenzake. Huenda pia akakaa, akasahihisha kanuni, akasema majeruhi habebwi na wawili bali na wanne njia ikiwa ndefu. Hilo nalo ni kweli, na kanuni ibadilishwe papo hapo.

Kwa wale wasiopenda upande wa askari, yuko Msudani Kusini aliyeutazama mchezo wa vita kutoka upande wa pili. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa katika safari ya kukimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kwa kompyuta hiyo alijifundisha kutunga michezo, akatunga uitwao Salaam, ambao ndani yake mchezaji hana seksheni wala bombomu. Yeye ni mkimbizi, na kazi yake ni kufika salama, akitafuta maji na chakula njiani. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa heshima kwa kazi hiyo katika sherehe ya The Game Awards huko Marekani. Wazo hilo laweza kuletwa mezani bila kompyuta: mchezaji wa tatu, mara nyingi mdogo wa wote, apewe maharage yote ya soko ayaendeshe, kijiti kimoja kila zamu, mpaka yatoke katika vichochoro na kufika mtoni. Kila harage lililofika ni pointi 1 yake. Hana silaha, na katika michezo mingi ndiye anayeshinda, kwa sababu wenye vikosi, wakiogopa zile pointi 5, humngojea apite.

Mchezo wa kwanza huchukua jioni nzima kwa sababu ya maswali. Wa tatu huisha kabla chai haijapoa mara ya pili. Mwishoni wachezaji wabadilishane pande, aliyekuwa akizuia achukue kasha la dawa, na choroko zihesabiwe kabla ya kurudishwa ndani ya kopo.